Pazia Halikufunguliwa

Baba yake Yangdol alikunywa pombe ya watu wa kijiji cha Thukjar, na kuanzia siku hiyo Yangdol hakuwa tena wa kuposwa na mtu mwingine.

Ndivyo mambo yalivyo huko Changthang, kwenye nyanda za juu za baridi. Ukoo unaotaka binti hupeleka chang, ile pombe ya shayiri, pamoja na skafu nyeupe. Baba akiliacha jagi limefunikwa, wageni hunywa chai, huzungumza habari za mbuzi na theluji, kisha huondoka na jagi lao bila ugomvi. Akinywa, ametoa. Baada ya hapo binti haulizwi kitu ila urefu wa mikono yake, ashonewe joho.

Nurboo aliipata habari akiwa juu ya paa la nyumba yao anafuta lenzi ya kamera. Mama yake alipanda ngazi akihema, akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Amekunywa," mama alisema.

"Nani kanywa?"

"Aba Tundup, nani mwingine? Kanywa, kafuta midomo, kaomba aongezewe."

Nurboo akaendelea kuifuta ile lenzi ingawa ilikuwa safi zamani.

"Nilikwambia tupeleke yetu tangu theluji ilipoyeyuka," mama aliendelea. "Ukasema Ama-le, ngoja nimalize chumba cha juu. Chumba kikaisha. Ukasema ngoja wageni wa kiangazi waondoke. Wakaondoka. Ukasema ngoja niipate ile picha. Haya, umeipata?"

"Bado."

"Basi endelea kuingoja."

Nurboo alikuwa mtu wa nyota. Wageni walikuja mpaka kijiji cha Chumsar kutoka Delhi na mbali zaidi kwa sababu usiku wa pale ni mweusi kama wa sehemu chache tu duniani. Yeye aliwatazamisha mbingu kwa darubini, na kuwauzia picha alizopiga mwenyewe. Picha zake zilikuwa za njia za nyota. Aliisimamisha kamera kwenye stendi, akaiacha ipige picha moja baada ya nyingine usiku kucha bila kupumzika. Baadaye aliziunganisha zote kwenye kompyuta ikawa picha moja, na kila nyota, badala ya kuwa nukta, ikawa mstari mrefu unaopinda. Ukiielekeza kaskazini, mistari yote inazunguka nyota moja isiyohama, kama maji yanavyozunguka ukiyakoroga.

Picha aliyokuwa akiisema mama ni hii: mduara huo mzima, na chini yake, katikati kabisa, paa la nyumba ya Aba Tundup. Alikuwa amehangaika nayo kwa miaka miwili. Mara mawingu, mara lori la jeshi likapita na taa zake, mara mtu akawasha tochi kwenda kumtazama mbuzi anayezaa. Mwanga mdogo tu ukiingia, picha hizo lazima uzitupe, na ukizitupa mistari inakatika.

Watu walidhani anapenda lile paa. Yangdol peke yake ndiye aliyejua anapenda nini.

Jioni hiyo hiyo Nurboo alikwenda kwa Aba Tundup. Mzee alikuwa ameketi karibu na jiko la bati, anachanganya unga wa shayiri na chai kwa kidole.

"Julley, Aba-le," Nurboo alisalimu.

"Julley, julley. Kaa. Umekuja kunitukana au kuninunia? Kama ni kutukana, subiri nimalize kula."

"Sijaja kutukana. Nimekuja kusema kwamba mimi na Yangdol..."

"Najua."

Nurboo akaketi.

"Unadhani mimi kipofu?" mzee alisema. "Miaka miwili unapanda kilima kile kupiga picha paa langu. Paa lenyewe limejaa samadi kavu! Nani anapiga picha samadi miaka miwili? Nilijua. Mke wangu alijua. Mbuzi wangu walijua."

"Kama ulijua, Aba-le, mbona ukanywa?"

Mzee aliliweka lile donge la unga chini, akamtazama sawasawa kwa mara ya kwanza.

"Kwa sababu wao walileta. Wewe ulileta nini? Hata kikombe hukuleta. Ningemngojea mtu ambaye hajasema lolote mpaka binti yangu aote mvi? Mwaka wa theluji kubwa, mbuzi wangu walipokuwa wanakufa wamesimama, ni watu wa Thukjar walionipa majani. Wakaja na jagi lao. Nikatazama mlangoni, labda na mama yako yupo nyuma yao na la kwake. Hakuwepo. Nikanywa."

"Naweza kumtunza, Aba-le."

"Kwa nyota? Nyota zako zina sufu? Unazikamua?" Halafu sauti yake ikashuka. "Mwanangu, mimi si mtu mbaya. Ungeleta chang yako mwezi uliopita ningekunywa yako. Mimi mtu wa kiu. Lakini ile niliyokunywa siwezi kuitapika."

Akamsukumia bakuli la chai. "Na kuna jambo. Hapa kijijini mwenye kamera ni wewe peke yako. Utatupigia picha za harusi, sivyo?"

Nurboo aliinywa chai ile, ikashuka kama mchanga. Ulimi wake ukasema ndiyo.

*

Alimpata Yangdol kwenye chemchemi mchana, siku moja kabla ya harusi. Alikuwa ameinama anavunja barafu kwa nondo, shali imefunika nusu ya uso, nyusi zimeganda nyeupe. Alipomwona hakuacha kazi. Alipiga barafu mara kadhaa zaidi kuliko ilivyohitaji.

"Umekuja kuniaga?" aliuliza.

"Nimekuja kukuiba."

Nondo ikasimama.

Huko kwao jambo hilo lipo, na wala si aibu kubwa sana. Binti akiridhia, kijana humchukua usiku. Kesho yake wazee wa kijana huenda kwa baba wa binti na chang na skafu, vichwa chini, kuomba radhi. Baba hutukana, huvunja kikombe kimoja ili majirani wasikie, kisha hunywa. Lakini lazima iwe kabla ya watu wa bwana harusi kuingia na mshale wao. Mshale wa ndoa, uliofungwa vitambaa vya rangi, ukishasimamishwa kwenye kapu la shayiri la nyumba ya binti, binti ni wao. Kumchukua baada ya hapo ni kutukana kijiji kizima.

"Watafika kesho alfajiri," Yangdol alisema.

"Kwa hiyo iwe usiku wa leo. Gyaltsan atakuwa na gari nyuma ya kilima. Asubuhi tutakuwa kwa shangazi yangu mjini Leh. Ama-le ameshapika chang ya kuombea radhi, majagi mawili."

"Majagi mawili!" Yangdol alicheka kidogo, na moshi wa pumzi yake ukafunika uso. "Ya kuposa hukuleta hata moja, ya kuomba msamaha unaleta mawili. Wewe mtu gani, Acho Nurboo?" Alimwita Acho, kaka, kama wasichana wote wa kijijini.

"Mpumbavu."

"Hilo nalijua. Nauliza lingine."

Nurboo alivua glavu, akaushika mkono wake. Vidole vya Yangdol vilikuwa vyekundu, vimepasuka kwenye viungo, na bado alivishika kama kitu kilichofungwa kwenye hariri. Walitazamana. Yangdol alikuwa na macho ya kumtazama mtu mpaka ajisikie amevuliwa kofia. Nurboo akaona macho hayo yamejaa maji, na maji hayamwagiki.

"Baba atabaki na aibu," Yangdol alisema.

"Kwa siku chache."

"Na huyo Dadul wanayeniozesha? Wanasema si mtu mbaya."

"Umeshamwona?"

"Mara moja. Alimwagikiwa na chai akasema samahani kwa kikombe." Akautoa mkono wake taratibu. "Usinisukume. Nipe mpaka usiku. Baba akilala nitajua moyo wangu unasemaje."

"Nitajuaje na mimi?"

Yangdol akatazama kule nyumbani kwao, kwenye dirisha la jikoni la juu linaloelekea kilimani.

"Nikikubali, nitafungua pazia," alisema. "Taa ya jikoni itakuwa inawaka. Ukiuona mwanga, shuka mpaka zizini, utanikuta. Usipouona, usije. Usije kabisa, usinigongee, usitume mtu. Ujue sikuweza."

"Utafungua," Nurboo alisema.

"Usiniambie nitakalofanya." Akajitwisha dumu la maji. Alipofika mbali kidogo akageuka, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Vaa kofia ya masikio. Unaonekana kama yai."

*

Usiku ule hapakuwa na mwezi. Nurboo alipanda kilimani na kamera yake, kwa sababu akionekana kilimani bila kamera mbwa wenyewe wangeshangaa. Aliisimamisha stendi mahali pake pa siku zote, akaielekeza kaskazini, juu ya nyumba ya Aba Tundup. Betri aliivika soksi ya sufu. Kwenye lenzi akafunga kile kifuko cha shayiri ya moto alichoshonewa na Yangdol ili kioo kisigande. Akawasha taa ndogo nyekundu ya kwenye stendi, akabonyeza, kamera ikaanza kazi yake. Klik. Kimya. Klik.

Mikono yake ilifanya yote hayo yenyewe. Macho yalikuwa kwenye dirisha.

Gyaltsan alitambaa kutoka kwenye gari akaja kulala tumbo kando yake. Alikuwa dereva wa wageni, mnene, na alikuwa rafiki yake tangu walipofukuzwa shule pamoja kwa kosa la kumwogesha punda wa mwalimu.

"Vipi?" alinong'ona.

"Bado."

"Nimezima injini. Sheria yenu hii ya giza itaniua. Taa siwashi, hita siwashi, hata sigara naivutia ndani ya koti."

"Nenda ukakae ndani ya gari."

"Ndani ya gari ni baridi kuliko hapa. Huku angalau kuna mapenzi." Akavuta makamasi. "Atafungua?"

"Atafungua."

"Na asipofungua?"

Gyaltsan akampiga begani, akarudi kwenye gari kwa kutambaa vilevile.

Kijiji kilikuwa kimezimika. Kila nyumba ya Chumsar ina mapazia mazito meusi kwa ajili ya nyota, na Nurboo mwenyewe ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuyagawa. Usiku huo aliyachukia yote, hasa moja. Alilikazia macho mpaka akaanza kuona mwanga usiokuwepo. Mara ngapi aliinuka! Kila alipoinuka, dirisha lilikuwa jeusi, na akalala tena kifudifudi.

Baridi ilimwingia kwenye meno. Akafikiria kushuka, kwenda moja kwa moja mpaka mlangoni, kugonga. Usije kabisa, alisema. Usinigongee. Angeshuka na kumlazimisha mwanamke ambaye ameshamjibu? Jibu si lile pale? Akajiambia labda mzee hajalala. Baadaye akajiambia labda Ama yake anaumwa. Nyota zilizokuwa upande wa kulia wa paa zikapanda, zikapita juu, zikaanza kushuka upande wa kushoto, na kamera ikawa inahesabu kila hatua yao. Klik. Kimya. Klik.

Angeweza kuihamisha mbingu? Basi hata moyo wa Yangdol hakuweza kuuhamisha. Alilala pale juu ya mawe, mwanamume mzima, hana la kufanya.

Alfajiri ilipoanza kupauka, sauti zikasikika bondeni. Wanaume walikuwa wanaimba. Watu wa Thukjar walikuwa wanakuja na kofia zao ndefu, na wa mbele alikuwa ameinua mshale wenye vitambaa.

Nurboo aliizima kamera. Akaizima na ile taa nyekundu. Alikuwa bado anaikunja stendi alipoona pazia la dirisha la jikoni linafunguliwa kwa nguvu, lote, kutoka upande huu mpaka ule, na mwanga wa taa ukamwagika nje. Lakini kulikuwa kumeshaanza kupambazuka, madirisha yote ya kijiji yalikuwa yanafunguka kupokea wageni. Hakujua la kulifanya pazia lile. Akageuza uso.

*

"Bibi harusi aletwe kwenye mwanga!" wanawake walipiga kelele. "Mpiga picha kafika. Loo, mtazameni macho yake, kama kalala pangoni!"

Walimweka Yangdol uani, mbele ya ukuta wenye jua. Kichwani alikuwa amevikwa kile kilemba kirefu cha mawe ya feruzi cha bibi yake, kizito hata shingo yake ilikuwa inatetemeka. Alikuwa analia. Hakuna aliyeshangaa. Bibi harusi wa huko lazima alie, asipolia watu husema alikuwa anaharakisha kuondoka. Shangazi zake walikuwa wanamsifu.

"Lia vizuri, mwanangu! Hivyo hivyo! Mimi siku yangu nililia mpaka nikatapika!"

Nurboo alisogea karibu, akajifanya anatengeneza mkunjo wa joho lake begani.

"Inua kidevu," alisema kwa sauti ya kazi. Kisha chini kabisa: "Pole kwa usumbufu. Nimekuelewa. Hukuweza."

Yangdol alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi.

"Sikuweza nini?"

"Kufungua pazia."

"Na wewe mbona hukuzima taa?"

"Taa gani?"

"Taa yako!" Sauti ilimponyoka, shangazi mmoja akageuka. Yangdol akapiga kwikwi kubwa, shangazi akaridhika, akarudi kwenye mazungumzo yake. "Taa yako nyekundu, Acho. Ilikuwa inawaka kilimani usiku kucha."

Nurboo akageuka kukitazama kilima.

"Kijiji kizima kinajua," Yangdol alinong'ona haraka, machozi yakimwingia mdomoni. "Taa nyekundu ikiwaka kilimani, hakuna kufungua pazia. Wewe mwenyewe ulitufundisha. Mke wa kaka alifungua mlango kwenda msalani, asubuhi ukaja ukamfokea mbele ya mama yake mpaka akalia. Mimi nikafungue dirisha zima? Nilikaa nimeshika pazia. Mkono ulikufa ganzi nikabadilisha mwingine. Nikasema gari bado halijafika, ndiyo maana anaendelea na kazi. Nikasema likifika atazima taa, ndiyo ishara yake, na mimi nitafungua. Nikangoja uzime. Ulipozima, nikafungua hapo hapo. Hukuona?"

"Niliona."

"Basi?"

"Nilidhani umefungua kwa ajili yao."

Yangdol alifumba macho. Ngoma zilikuwa zinapigwa ndani, na mtu mlevi alikuwa anaimba mstari mmoja tu, anaurudia.

"Piga picha," Yangdol alisema. "Wanatuangalia."

Akapiga. Ndani ya kioo cha kamera uso wake ulikuwa karibu kuliko ulivyowahi kuwa, kila tone limeonekana.

"Gyaltsan bado yupo nyuma ya kilima," Nurboo alisema, midomo haichezi. "Twende sasa. Ingia zizini kama unamuaga mbuzi wako, toka kwa mlango wa nyuma. Nitakuwa hapo."

"Mshale umeshasimama."

"Nitaung'oa."

"Utaung'oa, halafu?" Alifungua macho, na hapo Nurboo akaona kwamba kile alichokuwa anakitafuta usiku kucha kilikuwemo humo, chote, na hakina kazi tena. "Wameshakula mkate wa nyumba hii. Mama yake Dadul amenivika bangili yake ya mkononi, kaivua kwake kanivika mimi. Baba yangu amecheza. Umewahi kumwona baba yangu anacheza? Nikitoka sasa, mtu wa Thukjar hatampa tena maji, wala hapa kijijini hakuna atakayeketi karibu naye. Usiku ningeweza. Usiku ilikuwa ni utundu wa vijana, angevunja kikombe. Sasa ni kumzika."

"Yangdol..."

"Usiseme jina langu hivyo. Nitashindwa kutembea."

"Nifanye nini?" aliuliza. Lilikuwa swali la kweli. Angemwambia aingie mtoni angeingia.

"Hakuna," Yangdol alisema. "Hilo ndilo baya lake. Tulikuwa tunatakana wote wawili, tumekaa tunatazamana kwenye giza mpaka kukacha, na sasa hakuna."

Kivuli kikaanguka kando yao. Alikuwa kijana mrefu aliyevaa kofia ya bwana harusi iliyomzidi ukubwa, ameshika bakuli la chai kwa mikono miwili kwa adabu. Chai ilikuwa inamwagika kwenye sahani.

"Julley, kaka," Dadul alisema. "Wamesema hujanywa kitu tangu asubuhi. Kunywa, kuna baridi." Akamtazama Yangdol, akaona machozi, akainamisha macho upesi kama mtu aliyechungulia asikotakiwa. "Nimesikia wewe ndiye wa zile picha za nyota. Mama yangu anayo moja, kainunua Leh, kaiweka karibu na mahali pa sala. Siku moja uje kwetu Thukjar. Kwetu pia kuna giza zuri."

Nurboo alilipokea bakuli. Kama yule mtu angekuwa jeuri, angekuwa hata na wa kumchukia. Alitafuta kitu cha kumchukia kwake, akatafuta sana, na alichokipata ni kwamba kofia ilikuwa kubwa.

"Nitakuja," alisema.

"Tutafurahi," alisema Dadul, akimaanisha kabisa.

Jua lilipofika juu ya ukuta, walimtoa Yangdol. Kaka yake alimbeba mgongoni mpaka kwenye farasi, kama ilivyo desturi, ili miguu isiguse kizingiti, asije akajuta. Aba Tundup alisimama mlangoni na skafu nyeupe mkononi, uso umemlegea kwa pombe na kwa kitu kingine. Alipompita Nurboo alisimama, akamshika bega. Akampapasa tu lile bega kama anavyompapasa mbuzi mgonjwa.

Yangdol hakugeuka nyuma. Bibi harusi hageuki. Nurboo alimpiga picha mgongo wake, farasi, na barabara, mpaka wakawa vitone vyeusi kwenye theluji na kidole chake kikakataa.

*

Picha ya usiku ule Nurboo aliiunganisha siku kadhaa baadaye, mama yake alipomwambia ama aifanye au aifute, aache kuizunguka kompyuta kama mbwa anayezunguka mfupa.

Ilitoka nzima. Hapakuwa na wingu, hapakuwa na tochi, mistari haikukatika hata mahali pamoja. Kila nyota ilikuwa imechora njia yake kamili, mduara ndani ya mduara, na katikati chini lile paa lenye samadi, na kwenye ukuta wake dirisha moja jeusi tii. Kalenda moja ya Delhi iliichukua, na wageni waliokuja kiangazi walimuuliza aliipataje. Aliwaambia ni uvumilivu.

Gharama yake ilikuwa hii. Gyaltsan, aliyelala ndani ya gari baridi mpaka mchana kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia arudi nyumbani, alikatwa kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilichokufa kwa baridi. Mama alimmwagia punda majagi mawili ya chang iliyochacha. Na Yangdol.